Simba Asimuliwe Pamoja na Sisimizi

Chati ya wanyama inayobandikwa katika madarasa ya watoto wadogo haibadiliki sana: simba, tembo, twiga, pundamilia na kiboko, kila mmoja katika kisanduku chake, jina lake chini ya miguu. Mtoto husoma majina hayo, akikua kidogo hufundishwa makundi, walao nyama na walao majani, na akifika madarasa ya juu hupewa neno mfumo ikolojia pamoja na maana ya kukariri, kwamba ni viumbe hai na vitu visivyo na uhai vinavyotegemeana mahali fulani. Kutegemeana, ambako ndiko kiini cha somo lote, kunakuja mwisho wa foleni, tena kwa ajili ya mtihani. Naamini mpangilio huu umepinduka. Kinachopaswa kutangulia katika akili ya mtoto ni uhusiano: nani anamla nani, nani anampa nani makazi, maji haya yamepita wapi kabla ya kufika hapa, na mmoja akiondoka nani atakosa nini. Majina yafuate, nayo yatakaa zaidi kichwani kwa sababu kila jina litakuwa na kazi yake. Wala hili halihusu mbinu za darasani peke yake. Mtoto aliyejifunza viumbe kimoja kimoja hukua akawa mtu mzima anayedhani kwamba simba anaweza kulindwa peke yake, au kwamba mto unaweza kugeuzwa njia na hakuna atakayeguswa isipokuwa mto.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua unatoka nyanda za Laikipia, Kenya. Huko, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, mti unaotawala ni mgunga mfupi wenye miiba mirefu na vinundu vyeusi vyenye uwazi ndani. Upepo ukipita kwenye matundu ya vinundu hivyo, mti hupiga mluzi. Ndani yake wanaishi sisimizi. Mti unawapa nyumba na maji matamu yanayotoka kwenye majani, nao wanaulinda. Tembo akipeleka mkonga kwenye tawi, sisimizi hutoka kwa wingi na kumng'ata ndani ya mkonga, mahali ambapo hata mnyama mkubwa namna ile ana ngozi laini. Basi tembo huuacha mgunga huo akatafute mti mwingine. Mambo yalikuwa hivyo mpaka alipoingia sisimizi wa aina nyingine, mgeni mwenye kichwa kikubwa, ambaye shughuli za watu zimemsambaza katika nchi nyingi za joto. Mgeni huyu huwaua wenyeji, hula mayai na watoto wao, na mti wenyewe haulindi hata kidogo. Tembo wakatambua. Katika maeneo yaliyovamiwa, miti ilivunjwa kwa kasi ya mara tano hadi saba kuliko kwingine, na pori likabaki wazi.

Hapo ndipo simba anapoingia katika habari hii. Simba hashindi kwa mbio ndefu. Hushinda kwa kunyemelea, na ili anyemelee anahitaji kichaka cha kumficha mpaka awe karibu kabisa. Kichaka kikiondoka, pundamilia humwona mapema. Watafiti waliochapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 2024 walionyesha kwamba mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba katika eneo hilo, na kufikia mwaka 2020 walikuwa wameshuka hadi asilimia 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa katika hesabu, walikuwa wamefika asilimia 42 nao. Nyati ni windo la hatari, lenye pembe na kundi la kulitetea, na simba hakulichagua kwa kupenda. Mdudu ambaye mtoto anaweza kumbeba kwenye ncha ya kidole amebadilisha chakula cha mfalme wa pori bila hata kukutana naye. Chati ya ukutani haiwezi kusema hivyo, hata ikiongezewa kisanduku cha sisimizi, kwa sababu habari yenyewe haimo ndani ya visanduku. Imo kati ya kisanduku na kisanduku.

Mwalimu anaweza kusema kwamba watoto huvutwa na wanyama wakubwa, na kwamba somo likianza na wadudu wataangalia dirishani. Ni kweli kwamba simba huvuta macho. Sina shida na simba kuwa mlango wa kuingilia. Shida yangu ni somo linaloishia mlangoni. Ukimwambia mtoto kwamba simba wa Laikipia walilazimika kupambana na nyati, kisha ukamuuliza kwa nini, umempa fumbo, na watoto wa Kiswahili wamelelewa kwa vitendawili. Atataka kujua jibu. Akirudishwa nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwa nyati hadi kwa pundamilia, hadi kwenye kichaka, hadi kwa tembo, hadi kwa mdudu, atakuwa ameupita mfumo ikolojia mzima kabla hajaambiwa kwamba unaitwa hivyo.

Serengeti nayo ina kisa chake, na kisa hicho kinamwingiza ng'ombe, mnyama ambaye vitabu vya wanyamapori humsahau. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika kupitia Pembe ya Afrika ukashuka hadi kusini ya bara. Uliua ng'ombe kwa wingi wa kutisha, ukawaletea Wamaasai na wafugaji wengine njaa ambayo kumbukumbu yake haijafutika, na uliua nyati na nyumbu vilevile, kwa kuwa wote ni wanyama wa ukoo mmoja. Kwa miongo kadhaa sotoka ilibaki ikirudi na kuwamaliza ndama wa nyumbu. Kisha Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga nchini Kenya, wakatengeneza chanjo bora ya ng'ombe. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Walichanjwa ng'ombe waliozunguka Serengeti, ugonjwa ukakosa mahali pa kujificha, na nyumbu, waliokuwa kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaongezeka hadi takriban milioni 1.3 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi. Nyasi zilipopungua, moto wa kiangazi ulikosa cha kuunguza, na miche ya miti ambayo zamani ilikuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Kwa hiyo sindano aliyodungwa ng'ombe zizini imechangia miti kusimama porini. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani. Kwa mtoto wa mfugaji, kisa hiki kina jambo ambalo mafundisho mengi ya hifadhi humnyima: kinamwonyesha kwamba boma la baba yake limo ndani ya habari ya Serengeti.

Tunapomfundisha mtoto kiumbe peke yake, pengo la uhusiano hujazwa na tabia za kubuni. Mwangalie fisi. Katika ngano zetu yeye ni mlafi na mpumbavu, anayengoja mabaki na kudanganywa na Sungura. Ngano hizo ni mali, na sitaki ziachwe, kwa sababu zinazungumza juu ya watu waliovaa ngozi za wanyama na watoto huzipenda kwa sababu hiyo. Lakini mtoto asipopewa kingine, fisi wa ngano ndiye atakayekuwa fisi wa kweli kichwani mwake. Mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi usiku huko Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 akachapisha kitabu kilichobadilisha mawazo ya wengi. Ngorongoro, fisi waliwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi simba aliyeonekana asubuhi kwenye mzoga, huku fisi wakimzunguka, alikuwa amewanyang'anya. Watu walioamka jua limeshachomoza walimwona mwenye windo akingoja na mnyang'anyi akila, wakamhukumu mwenye windo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kulifahamu kosa hilo vizuri sana, na akilifahamu amejifunza kitu juu ya ushahidi ambacho atakitumia hata nje ya somo la wanyama.

Simba, fisi na nyumbu wako mbali na watoto wengi, na hapa naona sababu nyingine ya kuanza na uhusiano: unaweza kuonekana karibu, katika eneo dogo, bila gari wala kiingilio. Mtoto wa Gazi, pwani ya Kenya, au wa delta ya Rufiji, Tanzania, ana msitu wa mikoko nyuma ya nyumba. Bahari ikipwa anaweza kuingia topeni na kuona mizizi ya mchu iliyochomoza juu kama misumari, ikitafuta hewa ambayo tope halina. Anaweza kuona mmea mchanga wa mkoko ukining'inia juu ya mti mama, umekwisha kuchipua kabla ya kuanguka, ili ukianguka ujichomeke kwenye tope au uelee ukatafute tope lingine. Anaweza kuchuchumaa na kumtazama kaa akivuta jani hadi shimoni. Kaa hafanyi mzaha: jani analolizika linabaki kuwa chakula hapo hapo badala ya kuchukuliwa na maji, na shimo lake linapitisha hewa na maji hadi kwenye mizizi. Mti unamlisha kaa, kaa anaupumulisha udongo, udongo unaushika mti, na katikati ya mizizi hiyo vifaranga vya samaki na kamba wadogo hujificha mpaka wawe wakubwa wa kutosha kutoka nje, ambako mvuvi anawangoja. Nusu saa ya kupwa kwa maji inatosha kwa haya yote. Huko Gazi, tangu mwaka 2013, wanakijiji kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wao, na mapato yamesaidia maji safi na shule. Mtoto wa hapo anaweza kuelezwa kitabu cha darasani kimetoka wapi, kuanzia kwenye tope.

Wangari Maathai, Mkenya aliyejulikana kwa kupanda miti, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kuhusu mkuyu mkubwa karibu na nyumbani kwao Ihithe, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, na kuhusu kijito kilichokuwa karibu, ambako alicheza na mayai ya vyura na viluwiluwi. Baadaye mti ulikatwa na kijito kikakauka. Ni akiwa mtu mzima, mwanasayansi, ndipo alipoeleza jinsi mizizi ya mti ule ilivyopenya kwenye mwamba na kuyapa maji ya chini njia ya kupanda juu. Elimu ya juu ilimpa maelezo, lakini mambo yenyewe, mti, maji na vyura pamoja, aliyaona utotoni, kwenye eneo ambalo mtoto anaweza kulizunguka kwa miguu. Sidai kwamba kila atakayecheza kijitoni atapanda miti kama yeye. Nadai kwamba asingekuwa na cha kueleza kama angefundishwa chura peke yake na mkuyu peke yake.

Kuna pingamizi la walimu ambalo linastahili jibu zito zaidi, kwamba mtandao wa mahusiano ni mgumu mno kwa mtoto, na ndiyo maana tunampa vipande kwanza. Mwaka 2002 Andrew Balmford na wenzake wa Cambridge walichapisha uchunguzi waliowafanyia watoto wa shule za msingi Uingereza. Waliwaonyesha kadi zenye picha za mimea na wanyama wa kawaida wa nchi yao, na kadi nyingine zenye picha za viumbe wa kubuni wa mchezo wa Pokémon. Watoto wa miaka minane waliwatambua karibu asilimia 80 ya viumbe wa kubuni, huku wale wa kweli wakitambuliwa chini ya nusu. Wengi waliusoma uchunguzi huo kama habari ya masikitiko. Mimi nausoma kwanza kama ushahidi wa uwezo: kichwa cha mtoto wa miaka minane kina nafasi ya viumbe wengi mno. Na katika mchezo ule kiumbe hajulikani kwa jina tu. Anajulikana kwa anamshinda nani, anashindwa na nani, na atageuka kuwa nini. Watoto wetu nao hufuatilia ligi za mpira kwa namna hiyo hiyo, nani kamfunga nani na nani atashuka daraja nani akipoteza. Ugumu wa mahusiano haujawahi kumzuia mtoto. Ndio unaomfanya akae. Mtoto wa pwani anajua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma, maana anaona jinsi mwezi unavyoamua ni siku gani watu waende kuokota pweza. Shule inapomwambia kwamba mambo hayo ni magumu kwake, inamnyang'anya alichokuja nacho.

Na mtoto wa mjini, ambaye hana mkoko wala nyumbu? Huyu naye anaishi ndani ya mfumo ikolojia, ila amefichwa. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, ambako msitu hunasa ukungu na mvua na kuviachia polepole. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, linalolishwa na mito ya milima ya Nyandarua. Mtoto anayefungua bomba Kinondoni au Kayole ananywa kazi ya msitu, na bomba lenyewe ndilo mahali pa kuanzia somo. Juu ya paa pia pana somo. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu anayejaa mijini pwani si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, akavuka hadi bara, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wenyeji huku akinenepa kwa taka zetu. Mtoto akiuliza kwa nini kunguru ni wengi namna hii, jibu limo jalalani, na atagundua kwamba binadamu naye ni mmoja wa wale wanaolisha na kulishwa.

Lipo pingamizi lililo gumu kuliko yote, na linatoka kwa mzazi badala ya mwalimu. Mzazi anayelima kando ya hifadhi, ambaye tembo amemaliza mahindi yake usiku mmoja, ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe afundishwe kumstahi tembo. Somo la picha halina jibu kwake, maana linamwonyesha tembo bila shamba. Somo la mahusiano lina jibu la sehemu. Huko Sagalla, karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba nyaya zilizotundikwa mizinga ya nyuki. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na tembo, anayeogopa kuumwa ndani ya mkonga na kuzunguka macho, mara nyingi hugeuka. Mkulima hubaki na mahindi yake na asali juu. Uzio huo hauzuii kila tembo, na ukame ukizidi nyuki huhama. Hata hivyo umetokana na kujua nani anamwogopa nani, ujuzi wa aina ile ile ya sisimizi na mgunga wa Laikipia.

Lakini si kila mgongano unapata mizinga ya nyuki, na nisingependa watoto wadanganywe kwamba unapata. Katika milima ya Udzungwa, Tanzania, mto Kihansi ulikuwa ukiporomoka kwenye maporomoko na kurusha manyunyu mchana na usiku. Katika eneo la hekta chache lililoloweshwa na manyunyu hayo, mwaka 1996, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya njano asiyefika sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa vyura wadogo waliokamilika. Hakuwapo mahali pengine popote duniani. Wakati huo bwawa la kuzalisha megawati 180 za umeme lilikuwa linajengwa, na maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua sana. Kukawekwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko. Vyura wakaonekana kupata nafuu, kisha idadi yao ikaporomoka mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu ukakutwa kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Walionusurika ni wale waliokuwa wamechukuliwa mapema, karibu 500, wakazalishwa katika bustani za wanyama Marekani, na mwaka 2012 baadhi ya vizazi vyao vilirudishwa Kihansi. Umeme ulihitajika na bado unahitajika, kwa taa za hospitali na za watoto wanaosoma usiku. Chura naye hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mtoto wa darasa la sita anaweza kupewa mambo haya yote mawili bila mwalimu kumwamulia. Anaweza kuulizwa ni maji kiasi gani yangeachiwa maporomoko, nani angelipia umeme uliopungua, na ni nani aliyepaswa kwenda kupekua kwenye manyunyu kabla ya mchoro wa kwanza wa bwawa kuchorwa. Mabomba ya kunyunyizia yamo katika kisa hicho, na yasimuliwe pia: maporomoko yalikuwa yakifanya kazi hiyo bure, na sasa kuna watu walioajiriwa kuhakikisha matundu ya mabomba hayazibi.